Miezi 18 ndiyo kipimo cha fao la kukosa ajira

MFANYAKAZI aliyepoteza kazi, awe Ipililo mkoani Simiyu au jijini Dar es Salaam, hana budi kwanza kuhesabu miezi aliyochangia mfuko wa hifadhi ya jamii.

Sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 2018 iliweka mpaka wa miezi 18. Aliyeufikia alipewa haki ya kulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Ambaye hakuufikia aliwekewa malipo ya mkupuo, nusu ya michango yake.

Aliyeacha kazi kwa hiari hakustahili fao hilo, hata kama alichangia miaka mingi.

Hivyo, kabla ya kutia saini barua yoyote, mfanyakazi ahakikishe michango iliyokatwa imewasilishwa.