Baruti Mbadala na Unyevu wa Hewa: Gobore Linapolia "Tii" Halafu Kimya

Leo natoka kidogo kwenye nyanya na mahindi, ila msinikimbie. Tutapita kwenye stoo ya mbolea hapo katikati, na kuna wengine hapo ndipo patawauma.

Msomaji wetu mmoja yuko jimbo la Iowa, Marekani, kwa mafunzo ya vitendo kwenye shamba la mahindi na soya. Ameniandikia hivi: "Afisa, huku wazee wanawinda kulungu kwa gobore, tena gobore jipya la dukani. Mwenyeji wangu kafyatua asubuhi, fataki ikalia tii, kimya, halafu baadaye kidogo ndiyo ikalipuka. Kulungu keshaondoka. Yeye analaumu unyevu. Ni kweli?"

Ni kweli, ila ni nusu ya habari.

Kwanza tuelewane kwa nini mkulima wa Iowa anashika gobore wakati ana trekta la kisasa. Kulungu wa mkia mweupe wanakula soya changa na mahindi, na jimbo linapanga misimu ya kuwawinda ili wasizidi. Bunduki ya kupakia mdomoni ina misimu yake: mmoja mwezi Oktoba, mwingine wa baadaye kuanzia Desemba hadi Januari. Unamimina baruti kwenye mtutu, unashindilia risasi kwa mdeki, unaweka fataki nyuma. Una risasi moja tu. Isipotoka vizuri, siku imeisha.

Baruti ya asili, ile nyeusi, wauzaji wengi wa huko hawapendi kuiweka kwa sababu inashika moto upesi mno na sheria za kuihifadhi ni kali. Ndiyo maana tangu miaka ya 1970 zikaja baruti mbadala. Pyrodex ndiyo iliyotangulia kujulikana, baadaye Triple Seven, na baadaye tena Blackhorn 209. Zote zinapimwa kwa ujazo, siyo kwa uzito, na kila moja ina kiwango chake kilichoandikwa kwenye chupa. Baruti ya risasi za kawaida za kisasa haiingii kabisa humo. Inapasua mtutu na inaondoka na mkono wa mtu.

Sasa unyevu. Ninyi hili mnalijua, mnaliona kila masika kwenye mfuko wa mbolea uliofunguliwa. Kila chumvi ina kiwango chake cha unyevu wa hewa ambapo inaanza kuvuta maji yenyewe, hata kama hakuna tone lililoidondokea. Kwa joto la nyuzi 30, nitrati ya amonia inaanza hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 59 hivi. Urea ni kama 73. Nitrati ya sodiamu ni 72. Lakini nitrati ya potasiamu, ile wazee waliyoiita shura, inavumilia mpaka asilimia 90. Hiyo ndiyo chumvi iliyomo kwenye baruti nyeusi, na sasa unaona kwa nini. Mwaka 1857 Mmarekani Lammot du Pont alipata hataza ya baruti ya nitrati ya sodiamu, iliyokuwa rahisi kuliko shura. Ilifaa kupasulia miamba migodini. Kwenye bunduki haikushika, kwa kuwa inakunywa maji kama nguo.

(Hapo kwenye urea ngoja niseme, maana nimeshaona marundo ya uji kwenye stoo za watu. Ukichanganya urea na nitrati ya amonia, kile kiwango kinaporomoka hadi asilimia 18. Hakuna siku hewa ya Morogoro inakuwa kavu hivyo. Ndiyo maana nakataza kuchanganya urea na CAN kwenye ndoo moja halafu ukasubiri kesho.)

Turudi kwa mzee wa Iowa. Kama shura inavumilia asilimia 90, mbona baruti inaharibika? Kwa sababu baruti siyo shura peke yake. Ndani yake kuna mkaa, na mkaa una vitundu vingi vinavyoshika mvuke. Kwenye baruti mbadala kuna viungo vingine tena, na baadhi ya zile zisizo na salfa, hasa zilizotengenezwa kwa vitu vya jamii ya vitamini C, zinafyonza unyevu kuliko hata nyeusi yenyewe. Blackhorn ni ya aina nyingine kabisa, na watengenezaji wake wanaiuza kwa sifa hiyo hiyo ya kutofyonza unyevu.

Unyevu ukiingia, juu ya kila punje chumvi inayeyuka kidogo. Hewa ikikauka inaganda tena, punje zinashikana, unapata bonge. Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalitaji: Pyrodex na wenzake wanahitaji joto kubwa zaidi kuwaka kuliko baruti nyeusi. Kwa hiyo hata ikiwa kavu, mbadala inataka fataki yenye nguvu. Ipe unyevu kidogo na fataki ndogo ya mtindo wa zamani, moto unaanza kwa kusuasua. Ndiyo ile tii, kimya, bum. Hii pia ndiyo sababu wenye gumegume, bunduki inayowashwa kwa cheche za jiwe, wanabaki na baruti nyeusi. Cheche haitoshi kuiamsha mbadala.

Hapo kwenye "kimya" ndipo watu wanapoumia. Mtu anafyatua, haijalia, anashusha bunduki, anageuka kumwambia mwenzake, au mbaya zaidi anachungulia mdomo wa mtutu. Moto bado unatembea ndani. Kanuni ni moja: mtutu ubaki umeelekea kule kule ulikolenga, usubiri dakika nzima bila kuugusa mbele, ndipo utoe fataki. Kijana wangu, kama mzee wako alishusha bunduki mapema, mwambie kwa heshima. Hii siyo ya kumwonea aibu mwenyeji.

Sasa ile nusu nyingine ya jibu, na kwangu hii ndiyo nusu kubwa. Mara nyingi maji hayatoki kwenye mvua wala ukungu. Yanatoka jikoni.

Januari ya Iowa hewa ya nje ni baridi, na mvuke uliomo ni mdogo sana. Bunduki imeshinda porini kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri. Jioni mwindaji anaingia nayo ndani, nyumba ina nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 40, mama kapika, watu wameoga. Hewa hiyo inaanza kudondosha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 7 au chini yake. Chuma kile kiko chini kabisa. Kinatoka jasho kama chupa ya soda baridi mezani Dar es Salaam, nje na kwenye tundu la kupitishia moto wa fataki. Asubuhi anatoka nayo tena, jasho linaganda, na yeye anasema baruti ni mbovu. Risasi iliyoshindiliwa vizuri inaziba upande wa mbele. Mlango wa maji ni kule nyuma.

Wenye mbegu za viazi kwenye chumba cha baridi mnaijua hii. Ukizitoa na kuzimwaga palepale kwenye joto, zinalowa zote na kuoza kunaanza. Unazipandisha joto taratibu. Gobore nalo hivyo hivyo: ama libaki kwenye baridi, limetolewa fataki na kufungiwa mahali salama pasipofikiwa na watoto, ama risasi na baruti zitolewe kabla halijaingia ndani. Kubeba bunduki yenye baruti garini kuna sheria yake kila jimbo, aulize kwa maafisa wa wanyamapori wa huko.

Mafuta ya kusafishia nayo yanasingiziwa unyevu. Mtu anapaka mafuta mtutu mzima baada ya msimu, msimu ukifika anamimina baruti juu yake. Baruti inakunywa mafuta. Kabla ya kupakia, mtutu ufutwe mpaka kitambaa kitoke kikavu, na fataki moja itupwe tupu, upande salama, ikaushe ile njia ya moto.

Baada ya kufyatua, masizi yanayobaki ni chumvi tupu. Ya Pyrodex yana kloridi, ndugu ya chumvi ya mezani, na chuma kinajua maana yake. Usiku mmoja wa ukungu unatosha kuleta kutu. Kusafisha ni siku ile ile, maji ya moto na sabuni, kukausha, halafu mafuta. Anayesema atasafisha Jumapili anunue mtutu mwingine.

Chupa ya baruti ikae kwenye chombo chake cha asili, kifuniko kimekazwa, pakavu, pasipopanda na kushuka joto, mbali na moto. Porini chukua vipimo vya siku hiyo tu kwenye vichupa vidogo, usiwe unafungua chupa kubwa kwenye ukungu. Ikishashika mabonge, isitwangwe, isianikwe juani, isikaribie jiko. Iondolewe kwa utaratibu ulioandikwa na mtengenezaji. Bei ya chupa moja siyo bei ya uso.

Kwa kijana mwenyewe: kabla hujaishika hiyo bunduki hata kwa kupiga picha, jua viza yako inakuruhusu nini. Iowa aliyezaliwa kuanzia 1972 anatakiwa kupita mafunzo ya wawindaji ndipo apate leseni. Kutembea na mzee ukiangalia, na nguo ya rangi ya chungwa, kunatosha kwa msimu huu.

Na ninyi wa nyumbani, najua mnachowaza, maana nguruwe pori wamemaliza mihogo na nyani hawana adabu. Gobore lisilo na kibali hapa Tanzania ni kesi, na baruti ya kuchanganya uani ni kesi pamoja na hospitali. Nguruwe wakiingia, piga picha za nyayo na uharibifu siku ile ile, andika ukubwa wa eneo, peleka kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya. Ukichelewa wiki nzima, mvua inafuta nyayo zote na unabaki na maneno.