Mpya yenye nailoni au mtumba wa Ulaya? Nusura niingie mkenge!

Wiki hii naomba tuyaweke pembeni mambo ya mapenzi, tuongelee mkwanja na magemu. Wale mliogombana na wapenzi wenu, vumilieni kidogo, zamu yenu inakuja.

Basi bwana, mwenzenu napenda gemu kupita kiasi. Ndiyo, mimi binti wa Area D, mhitimu wa kidato cha nne, nikishika gemu la mpira wavulana wa mtaani wananyamaza kimya. Tatizo lilikuwa moja tu: nilikuwa nachezea kwa watu. Leo kwa mshikaji huyu, kesho kwa yule, na ukimfunga mwenye mashine mabao matano anakumbuka ghafla kwamba anataka kulala!

Nikajibana mwaka mzima, nikapata laki 3. Mama naye zamu yake ya upatu ikafika. Wanawake kumi, kila mmoja elfu 50, jumla laki 5. Akaniita jikoni.

“Mwanangu, chukua hii. Lakini kompyuta hiyo isiwe ya kuchezea tu. Iandike kadi za harusi, iandike barua za watu, hela yangu irudi.”

Nikasema, “Sawa mama.” Mikono ilikuwa inatetemeka. Laki 8 si mchezo, na laki 5 kati ya hizo ni jasho la mama wa watu.

Nikapanda daladala mpaka mjini. Si unajua tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, vifaa vya ofisi vinauzwa mpaka uchoke kuchagua. Duka la kwanza muuzaji kanipokea kwa tabasamu.

“Karibu dada. Unamnunulia shemeji?”

“Shemeji yupi? Yangu mwenyewe.”

Akanitolea laptopu mpya, nyembamba, bado imevikwa nailoni. Laki 6 na nusu. Loh! Moyo ukaenda mbio, nikajiona nimeshafika. Nikamuuliza, “Inacheza GTA?” Akajibu, “Dada, hii ni mpya, inacheza kila kitu.”

Bahati yangu sikutoa hela papo hapo. Nilisoma kibandiko chake: prosesa Celeron N4020, RAM GB 4, nafasi ya kuhifadhia GB 64. Nikampigia fundi mmoja ninayemfahamu. Alicheka mpaka nikakasirika.

“Dada yangu, GTA V peke yake inataka zaidi ya GB 70. Hilo gemu haliingii hata mlangoni, achilia mbali kucheza!”

Akanieleza kwamba Celeron hiyo ina vichwa viwili tu vya kufanyia kazi, imetengenezwa kwa kuandika barua na kuangalia video. Laptopu nyingi za aina hiyo RAM yake imechomelewa humo humo, huwezi kuiongeza. Yaani ni mpya kweli, lakini nguvu haina. Nusura niuziwe mbuzi kwenye gunia!

Nikageukia mitumba. Hizi kompyuta za mezani, Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ndugu zao, nyingi zilikuwa za maofisini huko Ulaya na kwingineko. Ofisi kubwa hubadilisha mashine kila baada ya miaka michache hata kama bado ni nzima. Zinauzwa kwa jumla, nyingine zinapitia Dubai, zinatua Kariakoo, halafu zinapanda huku kwetu.

Muuzaji wa pili akanipa moja kwa laki 3. “Core i5 hii dada, moto wa kuotea mbali!” Ni kweli ilikuwa i5, lakini i5 ipi? Hapa ndipo wengi wanapigwa changa la macho. Angalia namba inayofuata. Ile ilikuwa i5-4570. Hiyo 4 ya mwanzo maana yake kizazi cha nne, mashine ya mwaka 2013. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Wapo mafundi wanaoilazimisha iingie, lakini kwa hela ya mama sikutaka kulazimisha kitu.

Mtego wa tatu ni boksi lenyewe, lile tunaloliita CPU. Kuna madogo membamba yanayopendeza mezani. Haya kadi ya kawaida ya picha haiingii, inabidi utafute kadi fupi, na pawa saplai yake ni ndogo. Chukua boksi kubwa la kusimama. Hata hivyo, mashine hizi za ofisi zinataka kadi isiyokula umeme mwingi, mfano GTX 1050 Ti, ambayo inatumia wati 75 na nyingi hazihitaji waya wa ziada. Na ukinunua kadi ya mtumba, ijaribu kwanza. Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, kadi nyingi zilizochoshwa usiku na mchana ziliingia sokoni.

Mwisho wa safari nikapata boksi kubwa lenye i5-8500, kizazi cha 8, vichwa sita, RAM GB 8 na SSD. Laki 5 na nusu. Kabla ya kulipa nikamwomba muuzaji mambo manne: afungue ubavu nione vumbi, tuipime afya ya SSD, aniachie nicheze gemu nusu saa, na anipe risiti yenye waranti ya miezi mitatu. Alinuna, lakini akakubali. Anayekataa usijaribiwe naye, muache na mali yake. Pengine ni ya wizi, ukaja kuisaidia polisi bure.

Skrini ya mtumba laki 1 na elfu 20, kibodi, mausi na stabilaiza laki 1 na elfu 10. Nikabakiwa na elfu 20 ya chipsi. Kadi ya picha sijanunua bado. GTA V inakwenda nikishusha ubora wa picha, na kila mwezi ninampulizia vumbi letu la Dodoma mgonjwa wangu.

Simaanishi mpya ni mbaya. Kama unasoma chuo na lazima ubebe mashine, au mfuko umenona ukaweza kuunga mpya yenye Ryzen 5 5600G, nunua mpya ulale usingizi. Ila kwa laki 8 zangu, usiniulize mpya au mtumba. Niulize ndani kuna nini.

Na mama? Juzi kaja na wenzake wa upatu, wakataka orodha yao ichapwe. Nilikuwa katikati ya mechi, naongoza mawili bila.

Nilizima gemu bila kuambiwa. Wiki njema!