Boksi namba 13 na nati ya Land Rover

Kwetu Kiomboi, spana nyingi za gereji ni za kufungulia Toyota: 10, 12, 14, 17, 19, zote milimita. Sasa ikiletwa Land Rover Series III, gari la Uingereza la mwaka 1971 hadi 1985, unakuta nati zake nyingi ni za inchi. Ya nusu inchi ni milimita 12.7: boksi 12 haiingii, 13 inaingia ila inacheza. Nati ikiwa na kutu, nguvu yote inaenda kwenye kona, zinalika, na fundi anashika tindo. Bolti ikikatikia ndani ya bloku, ni kuitoboa na kukata hesi upya. Hapo mwenye gari analia.

Mimi nasema tupime kwanza. Ile kalipa ya maabara ya fizikia inatosha: pima nati kutoka ubapa mmoja hadi wa pili, gawanya milimita kwa 25.4. Ukipata 0.5, tafuta boksi ya nusu inchi, 0.5625 ni 9/16. Ya 3/4 ni milimita 19.05, hivyo boksi 19 kwa kawaida inakaa. Chagua yenye kona sita, siyo kumi na mbili, maana inashika ubapa. Ukiikosa, azima. Usilazimishe 13.