Gari la Kikundi na Jua la Kiangazi



Vikundi vingi sasa vimefika hatua ya kununua gari. Wengine wana pikapu ya kupeleka maembe au maziwa sokoni, wengine wana matatu. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini kiangazi cha Januari hadi katikati ya Machi ndicho kipindi ambacho gari lisilotunzwa huharibika njiani, na huku Ukambani ndicho kipindi cha maembe pia. Kwa hivyo tumeonelea tuzungumze mapema.

YALIYOTUPATA

Tuanze na kosa letu wenyewe. Februari moja pikapu yetu ilitoka Wote ikiwa na kreti za maembe kwenda Nairobi. Barabara ilipoanza kupanda kuelekea Salama, mshale wa joto nao ukapanda. Dereva akasema, "Wacha tufike kule juu, tutapumzika." Hatukufika. Injini ilichemka, silinda hedi ikapinda, na maembe yakakaa juani siku mbili. Pesa za fundi zilimeza faida ya msimu mzima.

Sababu ilikuwa nini? Mpira wa rejeta ulikuwa na ufa mdogo, ukidondosha maji. Dereva aliuona, akadhani mweka hazina anajua. Mweka hazina aliona maji chini ya gari, akadhani dereva ameshashughulika. Kila mtu aliona, hakuna aliyefanya. Na bei ya mpira huo haikufika hata bei ya kreti moja ya maembe!

KWA NINI INJINI HUCHEMKA

Injini huchoma mafuta, na joto la moto huo lazima litoke. Maji huzunguka ndani ya injini, yakabeba joto na kulipeleka kwenye rejeta, ambako feni na upepo huyapoza. Upepo wenyewe ukiwa wa moto, kazi hiyo huwa ngumu. Ongeza mzigo mzito na mlima, hapo ndipo shida huanza.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Kule Mombasa maji huchemka yakifika nyuzi 100. Nairobi, ambako ni juu sana kuliko bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Kifuniko cha rejeta ndicho hubana maji ili yasichemke upesi. Raba yake ikizeeka, hata rejeta iliyojaa itachemka. Kwa hivyo kuziba rejeta kwa kitambaa au karatasi ya nailoni si kufunga.

Je, tutie maji gani? Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi. Chumvi hiyo huganda ndani ya rejeta kama inavyoganda ndani ya sufuria ya chai, na njia za maji huziba. Afadhali ile dawa ya rejeta ya rangi inayouzwa kwenye vituo vya petroli. Ile ambayo haijachanganywa huchanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi. Huzuia kutu na huchelewesha kuchemka.

KAGUA ASUBUHI, GARI LIKIWA BARIDI

1. Maji ya rejeta. Angalia kiasi chake, kisha uiname uone kama kuna matone chini. Bonyeza mipira, ikiwa imepasuka au imelegea sana, badilisha.

2. Oili ya injini. Chomoa kile kijiti, kifute, kirudishe, kisha usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani: usitoke, ita fundi.

3. Mkanda wa feni. Ukilegea au ukiwa na nyufa, feni na pampu ya maji hazitafanya kazi vizuri.

4. Magurudumu. Pima upepo kabla ya safari. Wengi hupunguza upepo kwa kuogopa jua, na hilo ni kosa. Gurudumu lenye upepo kidogo hujikunja sana, likapata moto na kupasuka. Ukinunua la mitumba, tafuta tarakimu nne pembeni yake: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba hukauka kwa umri hata ikiwa bado ina meno. Usisahau gurudumu la akiba.

5. Breki. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na kwenye mteremko mrefu huweza kuchemka, pedali ikazama. Ibadilishwe kila miaka miwili hivi. Ukiteremka tumia gia ndogo.

6. Betri na chujio la hewa. Betri yenye vifuniko vya kufungua iongezewe maji ya betri, si asidi wala maji ya mtoni. Vumbi la barabara za murramu huziba chujio haraka. Likague kila wiki.

LIKICHEMKA NJIANI

Simama mara moja mahali salama, zima injini. USIFUNGUE KIFUNIKO! Maji yaliyobanwa yataruka na kukuchoma uso. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka rejeta iweze kushikwa kwa mkono, kisha fungua polepole kwa kitambaa kinene. Usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, chuma kitapasuka. Na siku zote, usiache mtoto ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa dakika chache.

NI KAZI YA NANI?

Baada ya hasara ile tulikubaliana mambo matatu. Mtu mmoja, ambaye jina lake linajulikana kwa wote, anasimamia gari. Daftari linakaa garini, na dereva huandika alichokagua na alichoona kila asubuhi. Tena kila safari hutoa pesa kidogo za matengenezo, ambazo haziguswi kwa mkopo wala kwa harambee. Ukaguzi wenyewe huchukua dakika kumi tu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kuzungumzia kikundini:

- Gari letu linasimamiwa na nani? Je, kila mwanachama anamjua?
- Mara ya mwisho kukagua mipira ya rejeta ilikuwa lini?
- Dereva akisema gari halifai kutoka leo, tutamsikiliza au tutamlaumu?