Je, Wajua? Kingamwili Hubeba Mionzi Hadi Kwenye Saratani

Seli ya saratani ya tezi dume ina kitu kinachoifichua. Kwenye utando wake wa nje imejaa protini iitwayo PSMA, kwa wingi unaozipita seli za kawaida, na hata ikihamia mifupani kwa kawaida huenda nayo. Kingamwili iliyotengenezwa maabara huisaka protini hiyo na kuinasa. Ikifungwa chembe ya mionzi, inakuwa kama boya la dema la mvuvi wa Mkwiro, kijiji cha Pwani ya Kenya: dema limezama, lakini boya linakuonyesha lilipo.

Ya kwanza kuidhinishwa Marekani, mwaka 1996, ilikuwa 7E11 iliyobeba chembe ya mionzi, indiamu-111. Kasoro yake ilikuwa kubwa: ilishika kipande cha PSMA kilicho ndani ya seli, hivyo ilinasa zaidi seli zilizokwisha kufa na kuzipita nyingi zilizo hai. Ndipo mtafiti Neil Bander na wenzake wa New York wakatengeneza J591, inayoshika kipande cha nje. Seli ikinaswa, humeza kingamwili pamoja na mzigo wake. Mzigo ukiwa chembe ya mionzi ya lutesiamu-177, miale inayoua seli haivuki milimita mbili hivi.

Lakini kingamwili ni kubwa, huzunguka damuni siku kadhaa, na muda wote huo uboho wa mifupa unapigwa mionzi. Kwa hiyo dawa ya lutesiamu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 hutumia molekuli ndogo, PSMA-617, inayoshika protini ile ile. Katika utafiti wa wagonjwa 831 waliokuwa na saratani iliyosambaa, nusu ya walioipata waliishi kupita miezi 15.3; kwa waliopata matibabu ya kawaida pekee, ilikuwa miezi 11.3. Dawa hiyo hukausha mate, maana huingia kwenye tezi za mate, ambako kingamwili haipenyi kwa urahisi.

Kwa mzee wa Mkwiro mwenye saratani hii, mimi naona jambo kubwa ni muda. Florini-18, chembe ya mionzi ya kupigia picha saratani hiyo, hutengenezwa kwa mashine iitwayo saiklotroni, na Nairobi zipo, Aga Khan na hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Nguvu yake hupungua nusu kila dakika 110. Ukiipakia treni ya mwendo wa saa tano kuja Mombasa, zaidi ya robo tatu imekwisha njiani. Basi husafiri mgonjwa: mashua hadi Shimoni, matatu hadi Likoni, feri, kisha Miritini kupanda treni. Saratani ikishaingia nyonga, kila tuta la barabarani humchoma.

Lutesiamu haina haraka hiyo. Hupungua nusu kwa siku sita na zaidi, hivyo siku mbili za safari huiacha na zaidi ya robo tatu ya nguvu. Hiyo inaweza kumfuata mzee Pwani, mradi hospitali iwe na wataalamu, chumba kinachozuia mionzi, na choo kinachohifadhi mkojo wake mpaka mionzi ipungue.