Taa Imewaka, Mhuri wa Nani?

"Shikamoo mzee, nisaidie mhuri tu. Taa zote zitawaka."

Kijana aliyekuja na ombi hilo alikuwa na fomu ya kuomba umeme iliyojazwa kila mahali isipokuwa pale chini, panapotakiwa saini na mhuri wa mkandarasi. Nyumba ya vyumba vitatu alikuwa ameshaimaliza. Sikuwa na shaka hata kidogo kwamba taa zitawaka.

Hapo ndipo kazi yetu inapowadanganya watu. Fundi cherehani akikosea, suruali inamsuta palepale mbele ya kioo. Fundi umeme akikosea, taa inawaka vilevile, friji linapoza, pengine kwa miaka kumi. Kosa limelala nyuma ya plasta mpaka siku mtoto atakapolishika friji hilo akiwa peku kwenye sakafu yenye maji. Mteja hana jicho la kulikagua, na TANESCO dhamana yao huishia kwenye mita. Kutoka hapo kwenda ndani, anayeapa kwamba kazi ni salama ni mwenye leseni. Kwa Tanzania Bara leseni hiyo hutolewa na mamlaka ya udhibiti, EWURA, na kufunga umeme bila kuwa nayo ni kosa kisheria.

Wengi, mafundi wakiwemo, huchanganya cheti na leseni. Cheti cha VETA kinasema umejifunza, umepimwa, umefaulu. Leseni inasema kazi yako ikiua mtu, tunajua pa kukupata. Ndiyo sababu mwombaji, anayepeleka maombi yake kwa mtandao kupitia mfumo wa EWURA uitwao LOIS, haulizwi elimu peke yake bali na kazi alizowahi kufanya. Leseni zenyewe zina madaraja, A likiwa juu, na kila daraja lina mpaka wake: anayeruhusiwa kufunga nyaya za nyumba ya kawaida haruhusiwi kugusa mitambo ya msongo mkubwa ya kiwandani. Zina muda pia, ukiisha unahuisha.

Tulikwenda kuiona nyumba. Mabomba yamenyooka, swichi zote ziko kimo kimoja. Nikafungua soketi ya jikoni. Waya mwekundu upo, mweusi upo, na wa kijani, ule wa ethi, umekazwa vizuri kwenye skrubu yake. Nikauvuta kidogo. Ukatoka mzima ukutani, kipande cha urefu wa kidole, kisichokwenda popote.

"Roli ya kijani iliisha, mzee. Mama mwenye nyumba akasema hela hana."

Tufanye hesabu. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230. Waya ukichunika ndani ya friji ukagusa bati, bati lote linabeba volti hizo. Ethi nzuri ikiwepo, mkondo mkubwa unakimbilia ardhini kwa njia hiyo na sakiti breka inakata. Isipokuwepo, njia ya kwenda ardhini ni mwili wa atakayeshika. Tuseme mwili huo una ukinzani wa omu 1,500: mkondo utakaopita ni kama ampea 0.15. Breka ya ampea 20 haiuoni kabisa. Kwake hiyo ni kama taa moja ya kizamani imewashwa. Kwa moyo wa binadamu ni balaa, maana hata swichi maalumu za kuokoa maisha hupangwa zikate kwenye ampea 0.03.

Nikatoa mega, kifaa kinachosukuma volti 500 kwenye nyaya kabla umeme haujaingia, kuona kama unavuja. Kipimo kinachokubalika hakishuki chini ya megaomu 1. Zake zilipita 100. Kijana anaijua kazi. Alijifunza kwa mjomba wake, chuo hajawahi kukanyaga.

Kwa watu kama yeye VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi anapimwa kwa anachokijua, akikutwa na mapengo anafundishwa hayo tu, kisha anapata cheti. Hapo mlango wa leseni unaanza kufunguka. Wengi hawausikii utaratibu huu, kwa sababu njia ya mkato ipo karibu zaidi. Mhuri una bei mtaani. Na lawama ya biashara hiyo, niseme wazi, siwatupii vijana. Inatuhusu sisi tunaogonga mihuri kwenye nyumba ambazo hata mlango wake hatuujui.

Siku hiyo mhuri sikumpa. Wiki mbili baadaye akanipigia: mama amenunua roli mbili za kijani, fimbo ya ethi imeshapigwa chini nyuma ya jiko, soketi zote amezifungua upya. Alitaka kujua jambo moja tu, nikija nitakuja na mega yangu au aazime ya jirani.