Kamera Zisizo na Mpiga Picha: Wanyama wa Misitu ya Udzungwa na Jinsi Picha Zao Zilivyopatikana

Mto Ruaha Mkuu unapotoka milimani na kuingia katika bonde la Kilombero, hukutana na Kidatu. Wengi huujua mji huu kwa mambo mawili, umeme na sukari. Mitambo ya Kidatu, iliyoanza kazi mwaka 1975 na kupanuliwa baadaye, ina uwezo wa kuzalisha megawati 204. Na mashamba ya miwa yametanda kote tambarare. Lakini anayesimama hapo na kuinua macho kuelekea magharibi huona jambo la tatu: milima ya Udzungwa, iliyofunikwa na msitu unaoanzia kwenye mita zipatazo 300 juu ya usawa wa bahari na kupanda hadi zaidi ya mita 2,000.

Msitu huu umenyweshwa na upepo wenye unyevu wa Bahari ya Hindi kwa muda mrefu mno, hata pale ambapo nyanda za jirani zilikauka. Ndiyo sababu una viumbe wasiopatikana penginepo duniani. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, yenye kilomita za mraba 1,990, ilianzishwa mwaka 1992. Hata hivyo, kuwahifadhi wanyama ni jambo moja na kuwajua ni jambo jingine. Wengi wao hutembea usiku, ni waoga, na humsikia mtu kabla mtu hajawaona. Makala hii inaeleza picha chache zilizobadilisha elimu ya wanyama wa milima hii, na namna kila moja ilivyopatikana.

Kabla ya picha, sauti

Mwaka 1979 watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walikuwa karibu na Sanje, kijiji kilicho kati ya Kidatu na Mang'ula, waliposikia mlio wa kima wasiyemtarajia. Ndugu zake wa karibu waliojulikana wakati huo waliishi kando ya Mto Tana, nchini Kenya, mamia ya kilomita kutoka hapo. Wenyeji hawakuwa na mshangao wowote: kima huyo walimfahamu, na jina lake walikuwa nalo. Wanasayansi walimtangaza mwaka 1981, na leo anaitwa kwa jina la kijiji hicho, Cercocebus sanjei. Ikiwa mnyama mkubwa kiasi hicho, mwenye kelele na anayetembea mchana kwa makundi, aliweza kukaa nje ya vitabu hadi mwaka 1979 karibu kabisa na barabara ya Ifakara, je, wale wa usiku wasio na sauti?

Mtego usioua

Wazo la kumfanya mnyama ajipige picha mwenyewe si geni. Mwishoni mwa karne ya 19 Mmarekani George Shiras alitega nyuzi msituni. Mnyama akigusa uzi, kamera ilifyatuka pamoja na mwako wa taa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani C. G. Schillings alizileta mbinu za namna hiyo Afrika Mashariki. Alitumia unga wa magnesiamu unaolipuka kwa mwanga mkali, akapata picha za usiku ambazo alizichapisha katika kitabu mwaka 1905.

Kamera ya siku hizi haihitaji uzi. Kila mwili wenye joto hutoa miali isiyoonekana kwa macho, iitwayo infraredi. Ndani ya kamera mna kipande cha fuwele ambacho hutoa umeme kidogo sana kila joto linalokifikia linapobadilika. Vipande hivyo huwekwa viwili na kuunganishwa kinyume. Joto likiongezeka pande zote kwa pamoja, kama jua linapochomoza, umeme wa kimoja hufuta ule wa kingine, na kamera hukaa kimya. Lakini mnyama akipita, joto lake hufikia kipande kimoja kabla ya kingine. Mizani huvunjika, na picha hupigwa.

Kutokana na hayo msomaji ataelewa udhaifu wa chombo hiki. Nyoka na kinyonga, ambao joto la miili yao hukaribiana na la mazingira, aghalabu hupita bila kupigwa picha. Jani lililopigwa na jua na kutikiswa na upepo laweza kuidanganya kamera mara mia kwa siku moja. Unyevu huingia kwenye lenzi, na tembo hung'oa anachokitilia shaka. Aidha, saa ya kamera ikiwekwa vibaya picha hupoteza nusu ya thamani yake, maana mtafiti hujua mnyama alipita lakini hajui lini.

Minde, kanu na nguchiro

Minde ni paa mkubwa mweusi wa misitu ya milimani, apatikanaye Tanzania peke yake. Wataalamu walikwisha kumweleza tangu karne ya 19 kutokana na ngozi na mafuvu, lakini picha ya kwanza ya minde akiwa hai porini ilipatikana mwaka 2003 tu, kwa kamera iliyotegwa Udzungwa. Mnyama huyu hutembea zaidi usiku na hupenda vichaka vinene. Mtu mwenye kamera mkononi angeweza kungoja miaka. Kamera iliyofungwa kwenye mti kimo cha goti haichoki wala haina harufu ya moshi.

Kanu wa Lowe alijulikana kwa ngozi moja tu iliyokusanywa mwaka 1932. Miaka 68 ilipita hadi alipoonekana tena, mwaka 2000, katika milima hiyohiyo. Hali kadhalika, kamera zilizowekwa katika msitu wa Matundu zilimwonyesha nguchiro wa Jackson, aliyekuwa akijulikana Kenya na Uganda tu. Katika habari zote hizi mnyama alikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni ushahidi.

Picha iliyozua hoja

Mwaka 2003 watafiti waliokuwa katika Mlima Rungwe walipata habari za kima aliyeitwa kipunji, wakamwona. Mwaka 2004 wengine walimwona kima huyohuyo katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa, umbali wa kilomita zipatazo 350. Alitangazwa katika jarida la Science mwaka 2005 bila mwili wowote kuwekwa katika jumba la makumbusho. Ushahidi uliotolewa ulikuwa picha.

Hapo yakazuka mabishano. Kwa desturi, kila spishi mpya huwa na kielelezo kimoja kinachohifadhiwa, ili yeyote mwenye shaka akachunguze meno, mifupa na damu. Picha haina meno ya kupimwa. Kwa upande mwingine, ni busara gani kumwua mnyama adimu ili kuthibitisha kwamba ni adimu? Jibu lilitoka shambani. Kipunji mmoja alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima huko Rungwe, na uchunguzi wa mwili wake ulionyesha kwamba kima huyu si spishi mpya tu bali ni jenasi mpya, iliyopewa jina Rungwecebus mwaka 2006. Hivyo picha ilitosha kusema kwamba mnyama yupo, bali haikutosha kueleza ni wa ukoo gani.

Uso wa kijivu

Funzo hilo lilijirudia upesi. Mwaka 2005 mtafiti Mwitaliano Francesco Rovero alitega kamera katika msitu wa Ndundulu. Miongoni mwa picha zilizopatikana kulikuwa na sengi, mnyama mwenye pua ndefu mfano wa mkonga mdogo, lakini uso wake ulikuwa wa kijivu na kiuno chake cheusi. Hakufanana na sengi yeyote aliyeandikwa. Safari hii watafiti hawakutosheka na picha. Mwezi Machi 2006 walirudi msituni, wakawaona sengi hao kwa macho na kuwakamata wachache. Uzito wao ulikuwa kama gramu 700, kuwazidi sengi wote waliojulikana. Mwaka 2008 alitangazwa kwa jina Rhynchocyon udzungwensis. Ingawa sura yake ni ya panya buku, ukoo wake uko karibu zaidi na tembo.

Kuhesabu wasioonekana

Tangu mwaka 2009 watafiti walianza kutega kamera kila mwaka katika vituo 60 vya msitu wa Mwanihana, ule unaoonekana kutoka Kidatu na Mang'ula, siku 30 kila kituo. Kwa nini siku 30? Tuseme mnyama hupita mbele ya kamera siku moja katika kila siku kumi. Uwezekano wa kumkosa siku zote 30 ni 0.9 ikizidishwa kwa yenyewe mara 30, yaani kama asilimia 4. Lakini akipita siku moja tu katika thelathini, uwezekano wa kumkosa hupanda hadi asilimia 36. Kwa hiyo kamera isiyo na picha ya minde haithibitishi kwamba minde hayupo. Ni vituo vingi vikilinganishwa, mwaka baada ya mwaka, vinavyoweza kutofautisha mnyama aliyejificha na mnyama aliyekwisha.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulilinganisha picha za Mwanihana, uliomo hifadhini, na za msitu wa Uzungwa Scarp, uliosumbuliwa kwa muda mrefu na uwindaji haramu. Misitu hiyo ni ya milima ileile na mvua ileile. Hata hivyo wa pili ulionekana kuwa maskini zaidi wa wanyama. Miti imesimama, na anayetazama kutoka barabarani haoni kasoro. Kamera zilizo chini ya miti hiyo ndizo zinazoonyesha upungufu: usiku mmoja baada ya mwingine, njia ya wanyama ipo, na hapiti mnyama.